Karatasi Arobaini, Kitabu Kimoja

Rimu ya karatasi za A4 ina karatasi 500. Ukiikunja karatasi moja katikati unapata kurasa nne za A5, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 kinakula karatasi 40. Rimu inatoa vitabu 12 na kubakiza karatasi 20 za kuharibia kwenye majaribio, na zitahitajika. Programu zote za kazi hii ya kutengeneza kitabu nyumbani ni za bure na ni huria: hulipii leseni, na hakuna atakayekukatia huduma mwezi ujao. Vifaa vingine ni printa, sindano, uzi, gundi, kadibodi, na siku mbili tatu za kutokuwa na haraka.

Ninasema kitabu cha kushonwa. Steshenari watakutilia springi au watakubandikia karatasi mojamoja kwa gundi ya mgongoni, na kwa ripoti ya ofisi inatosha. Lakini springi haina mgongo wa kuandikwa jina, na hupindana mkobani. Gundi peke yake hukauka, halafu karatasi zinaanza kuchomoka kuanzia zile za katikati ambazo kitabu hufunguliwa mara nyingi. Karatasi iliyokunjwa na kushonwa palepale kwenye kunjo haichomoki mpaka uzi ukatike au karatasi yenyewe ichanike. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambao katika karne ya 18 na ya 19 walisifika kwa kunakili misahafu na kuijalidi kwa ngozi, hawakuwa na gundi ya kiwandani wala mashine. Walikuwa na uzi.

Kuhusu kitabu gani ukichape, anza na cha kwenu: mapishi ya mama, nasaba ya ukoo, tenzi ambazo babu aliziacha kwenye daftari la mistari, maneno ya kilugha uliyoyakusanya miaka yote. Ukitaka kuchapa cha mtu mwingine, jua kwamba Kenya na Tanzania Bara sheria inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Ukurasa kwanza

Makosa mengi ya kitabu cha nyumbani hufanyika kwenye kompyuta, kabla tone la wino halijagusa karatasi. LibreOffice Writer inatosha kabisa kwa vitabu vingi. Ni mrithi wa OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na hadi leo kuna kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya kuiongezea. Wenye kitabu cha picha nyingi waangalie Scribus. Wenye hesabu na tanbihi nyingi waangalie LaTeX, ingawa hiyo itakudai wiki kadhaa za kujifunza.

Badilisha ukubwa wa ukurasa uwe A5 tangu siku ya kwanza, usisubiri mwisho. Ukiandika kwenye A4 kisha ukaikandamiza iwe A5, herufi za pointi 12 zinabaki kama pointi 8 na nusu, na wazee uliowakusudia watakirudisha kitabu bila kukisoma. Kwenye A5 tumia pointi 10 na nusu au 11. Gentium ni aina ya herufi ya bure, tulivu, na inapendeza kwenye karatasi.

Katika mitindo ya ukurasa (bonyeza F11 uione), chagua mpangilio wa kurasa zinazotazamana, ili pambizo la ndani na la nje libadilishane upande kadiri kurasa zinavyokwenda. Ndani weka milimita 18, nje 15, juu 15, chini 20. Watu hubana pambizo la ndani ili kuokoa karatasi, kisha msomaji analazimika kukivunja kitabu mgongo ili asome mwisho wa mstari.

Tumia mitindo ya aya na ya vichwa, usipambe kila kichwa kwa mkono. Ukurasa mpya ufungue kwa Ctrl na Enter, siyo kwa kubonyeza Enter mara 20. Siku utakapoongeza sentensi moja kwenye sura ya pili, Enter zako 20 zitasukuma kila kitu hadi mwisho wa kitabu.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo miongozo ya kigeni haikuambii. Maneno yetu ni marefu. Ukinyoosha maandishi pande zote mbili kwenye ukurasa mwembamba wa A5, programu isiyojua mahali pa kulikata neno kama "hawatakumbukana" italirusha lote mstari wa chini na kuacha mapengo meupe juu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kunyoosha upande wa kushoto tu na kuuacha wa kulia uwe na kingo zisizo sawa. Haina aibu yoyote, na kwa kitabu cha kwanza ndiyo ninayoipendekeza. Ya pili ni kukata maneno mwenyewe: weka kishale katikati ya neno, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa, na LibreOffice itaweka kistari kisichoonekana mpaka neno lifike ukingoni. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, basi kata baada ya irabu na usizitenganishe konsonanti zinazokwenda pamoja: hawa-taku-mbu-kana, wala siyo hawatakum-bukana. Ifanye kazi hii mwisho kabisa, maandishi yakishatulia, na kwenye mistari yenye mapengo tu. Ukianza kuweka vistari kitabu kizima utakesha.

Mashairi yana heri yake. Mshororo wa mizani 16 unaenea kwenye mstari mmoja wa A5 na nafasi ya kutenganisha vipande viwili inabaki. Uandike ubeti mzima kama aya moja, ukishuka mstari kwa Shift na Enter, kisha kwenye mipangilio ya aya kataza aya isigawanywe kati ya kurasa mbili. Beti hazitakatika tena kiunoni.

Maandishi yakikamilika, yatoe kwa PDF. Hata ukichapia kwa jirani au steshenari, peleka PDF. Faili la kawaida la maandishi likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi zako hupangika upya, na kitabu cha kurasa 160 kinageuka cha 171 mbele ya macho yako huku foleni nyuma yako ikiguna.

Hesabu ya kurasa

Kitabu cha kushonwa kimejengwa kwa vijitabu vidogo vilivyopangwa mgongo kwa mgongo. Kila kimoja ni karatasi kadhaa zilizoingizwa ndani kwa ndani na kukunjwa pamoja. Mimi naviita mikunjo. Kwa karatasi za gramu 80, karatasi nne kwa mkunjo ndicho kipimo kizuri: kurasa 16. Zikizidi sana, karatasi ya ndani inachomoza mbele kupita ya nje. Zikipungua, kushona kunakuwa kwingi na uzi unanenepesha mgongo. Kurasa 160 ni mikunjo kumi.

Sasa, karatasi ya nje ya mkunjo wa kwanza lazima upande mmoja ibebe ukurasa wa 16 na wa 1, na nyuma yake wa 2 na wa 15. Inayofuata ibebe 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani 10 na 7, nyuma 8 na 9. Huhitaji kuipanga kwa kichwa, programu inafanya, lakini jua namna ya kuikagua: katika mkunjo wa kwanza, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlishwa zikawa 17. Mkunjo wa pili jumla ni 49, wa tatu 81, na kuendelea hivyo kwa kuongeza 32. Jumla ikikataa, simamisha printa.

Kwenye Linux kazi nzima ni mstari mmoja, ukiwa na pdfjam, inayokuja pamoja na mafurushi ya LaTeX:

pdfjam --landscape --signature 16 kitabu.pdf --outfile tayari.pdf

Namba 16 ni idadi ya kurasa kwa kila mkunjo, na lazima igawanyike kwa nne. Mwenye kuchapa maandishi ya hati ya Kiarabu, ambayo kitabu chake hufunguka kutokea kulia, kwenye LaTeX atumie kifurushi cha pdfpages na chaguo lake la signature lenye kinyota mwishoni, ambalo limewekwa kwa ajili ya vitabu vinavyofungwa upande wa kulia.

Asiyependa kuandika amri ana njia nyingine ndani ya LibreOffice. Kwenye dirisha la kuchapa kuna chaguo la kuchapa kama kijitabu. Ukilitumia kwa kitabu kizima utapata mkunjo mmoja wa karatasi 40, unene usiofungika. Badala yake andika kurasa 1-16 na uchape, kisha 17-32, hivyo hivyo hadi mwisho. Ni mara kumi, inachosha, na inafanya kazi.

Idadi ya kurasa isipogawanyika kwa 16, usihangaike kupunguza maneno. Ukurasa mtupu mwanzoni, ukurasa wa jina la kitabu, ukurasa wa shukrani, mmoja wa kutaja mwaka wa kuchapa na toleo, na mitupu miwili mwishoni kwa ajili ya kalamu ya msomaji: nafasi inajazika yenyewe.

Printa na karatasi

Printa ya tona ndiyo bora. Unga wake huyeyushwa ukashikamana na karatasi, na gundi au kidole chenye jasho haviutishi. Printa za wino wa maji huuzwa kwa bei ya chini na hulishwa kwa bei ya juu, na wino wake mara nyingi huchuruzika ukipata unyevu. Kama ndiyo uliyonayo, itumie, ila gundi ipake kwa uchache.

Printa inayogeuza karatasi yenyewe iambie igeuze kwa ukingo mfupi. Ukichagua ukingo mrefu, nyuma ya kila karatasi itakuwa kichwa chini miguu juu. Isiyogeuza itakubidi uchape upande mmoja wa karatasi zote, uzirudishe, uchape wa pili, na kila printa ina tabia yake ya kumeza karatasi. Chukua karatasi mbili, ziandike kwa penseli "juu" na "mbele", zipitishe, uone zinatokaje. Kisha chapa mkunjo mmoja tu, ukunje, uusome kama kitabu. Ukiwa sawa ndipo uachie mingine tisa. Nyuma na mbele zikipishana milimita moja au mbili, sahau. Hata kwenye vitabu vya dukani zinapishana.

Karatasi nayo ina mwelekeo wa nyuzi, na hukunjika vizuri kwa kufuata nyuzi hizo. A4 nyingi za dukani nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, nawe unaikunja kwa upana, kwa hiyo kitabu kinakuwa kigumu kidogo kufunguka, na msimu wa masika karatasi hujikunja mawimbi karibu na mgongo. Dawa yake ni kununua A3 ambayo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu na kuikata katikati; nusu zake ni A4 zenye nyuzi upande unaoutaka. Kwa kitabu cha kwanza usijisumbue. Kwa kile unachotaka wajukuu wakikute, jisumbue.

Sindano na uzi

Kunja karatasi nne kwa pamoja na ulikandamize kunjo kwa mgongo wa kijiko au ukingo wa rula ya mbao. Andika namba ya mkunjo kwa penseli, ndogo, nje kwenye kunjo. Waandishi wa zamani wa vitabu vya hati ya Kiarabu walikuwa wakiandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mjalidi asichanganye. Sisi penseli inatutosha. Panga mikunjo yote na uilaze usiku kucha chini ya kitu kizito. Mfuko wa mchele wa kilo kumi unafaa.

Kata utepe wa manila urefu wa milimita 210 na uutie alama kwenye 15, 60, 75, 135, 150 na 195. Hicho ni kipimo cha matundu. Fungua kila mkunjo katikati, laza kipimo ndani ya kunjo, toboa kwa msharasi mwembamba au sindano nene iliyochomekwa kwenye kizibo. Toboa kutoka ndani kwenda nje, na matundu yawe madogo.

Uzi uwe wa pamba mnene au kitani. Ule wa nailoni wa fundi viatu hauna shida ya nguvu, shida yake ni kwamba hukata karatasi kama waya. Uburuze mara mbili juu ya nta ya nyuki, au kipande cha mshumaa, ili usijifunge mafundo. Kwa mikunjo kumi chukua mita mbili na nusu. Tafuta pia tepe mbili za pamba, upana usiozidi milimita 15, urefu wa sentimita 10 kila moja. Zitapita mgongoni kati ya tundu la pili na la tatu, na kati ya la nne na la tano.

Weka mkunjo wa kwanza ukingoni mwa meza. Ingiza sindano tundu la kwanza kutoka nje, acha mkia wa sentimita kumi. Tokea la pili, vuka juu ya utepe, ingia la tatu, tokea la nne, vuka utepe, ingia la tano, tokea la sita. Pandisha mkunjo wa pili juu yake, ingia tundu lake la sita na urudi vivyo hivyo hadi la kwanza. Hapo funga uzi na ule mkia kwa fundo la kukaza. Mkunjo wa tatu unaingia tundu la kwanza na kutokea la sita, na hapa ndipo penye siri ya kazi: kabla ya kupanda wa nne, pitisha sindano chini ya uzi unaounganisha mkunjo wa kwanza na wa pili, uitoe kupitia kitanzi kinachojitokeza, ukaze. Kila ufikapo mwisho wa mkunjo, fanya hivyo na ulio chini yake. Bila kitanzi hicho mikunjo inapwaya miishoni.

Uzi uvute kwa kufuata mgongo wa kitabu, kulia au kushoto. Usiuvute kuja kwako, kwa maana utaipasua karatasi kutoka tundu hadi nje. Kosa hilo ndilo linalowatoa machozi wanaoanza, kwa kuwa mara nyingi hutokea mkunjo wa nane.

Jalada

Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo ya kutumia. Uji wa unga wa ngano unabandika, na mabango mengi ya mitaani yanaushuhudia, lakini mende na wadudu wa karatasi wanaupenda, na Mombasa au Unguja utaota ukungu kabla ya mwaka.

Bandika karatasi mbili za rangi zilizokunjwa, moja mbele na moja nyuma ya kitabu, kwa ukanda wa gundi wa milimita tano tu kando ya mgongo. Bana kitabu kati ya mbao mbili, paka mgongo gundi nyembamba, laza juu yake kipande cha bendeji ya chachi ya duka la dawa kinachopita sentimita tatu kila upande, paka tena, acha kikauke. Wanaotaka kingo zilizonyooka kabisa wakipeleke wakati huu kwenye mashine ya kukatia karatasi. Kwa kisu cha nyumbani utaharibu. Afadhali uache zilivyo.

Kadibodi iwe ngumu, ya milimita mbili, kama ya faili kuukuu. Ya katoni yenye mawimbi ndani haifai, hubonyea. Kwa A5 kata mbao mbili za urefu wa milimita 216 na upana 145, na kipande cha mgongo chenye urefu huohuo. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kitabu chetu kina majani 80, yaani milimita 8, uzi ukiifanya 10, na kadibodi mbili 14. Lakini pima kitabu chako chenyewe, usikate kwa hesabu yangu. Kati ya mgongo na kila ubao acha nafasi ya milimita 7. Hapo ndipo jalada linapojikunja.

Kitenge kinavaa kitabu vizuri. Kifue kwanza kitoke uwanga, kipige pasi, na ukibandike karatasi nyembamba nyuma ili gundi isipenye ikaacha madoa. Kanga ni nyepesi zaidi na inahitaji karatasi hiyo hasa. Wengi hutamani jina la kanga likae kwenye jalada la mbele. Pima kwanza, kwa sababu majina mengi ni marefu kuliko A5 mbili, na utabaki na nusu ya neno. Acha sentimita mbili za kitambaa pande zote, pembe zikate kimshazari, kunja ndani.

Mwisho weka kitabu ndani ya jalada, ingiza kipande cha nailoni nyuma ya karatasi ya rangi, ipake gundi pamoja na chachi na ncha za tepe, funga jalada juu yake bila kulifungua tena kuchungulia. Geuza, fanya upande wa pili. Rudisha mfuko wa mchele. Dodoma usiku mmoja na mchana wake unatosha. Pwani wakati wa mvua, siku tatu, la sivyo mbao zitapinda.

Kikikauka, usikifungue katikati kwa nguvu. Kisimamishe kwa mgongo mezani na uteremshe kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, hadi zikutane. Kisha kipe mtu mwenye penseli akisome, na masahihisho yake yaingize kwenye faili kabla ya kuchapa nakala nyingine 11.